Mikate ya Si Makki

Tulimwacha Zhor, mwandishi wa gazeti, amepiga magoti ndani ya ghala la unga, mkono mmoja umezama kwenye gunia, na nyuma yake ufunguo unazunguka mlangoni.

Aliyeingia ni Si Makki, yaani Bwana Makki, mwenyewe, mkurugenzi wa nyumba ya wazee ya Dar Lalla Tahra. Joho jeupe, viatu vya ngozi ya njano visivyo na doa. Hakupiga kelele wala hakumwita mlinzi. Alijipangusa pua kwa leso yenye marashi, akasema kama mtu anayepokea wageni wa harusi:

"Lalla Zhor, mbona umejificha na magunia? Chai iko uani."

Zhor alitoa mkono. Funza walikuwa wamemng'ang'ania vidoleni, weupe, wanene, na unga wenyewe umegandana mabonge mabonge kama chokaa iliyolowa. Harufu ilimpanda mpaka kooni. Huo ndio unga waliokuwa wakilishwa wazee arobaini na wanne, wengi wao hawana hata jino moja la kutafunia. Akakung'uta mkono. Funza mmoja akaangukia kiatu cha njano.

Si Makki alikitazama kiatu chake kwanza, ndipo akamtazama mwandishi wa habari.

"Hicho ni chakula cha kuku," akasema.

"Hii nyumba ina kuku?"

"Tutanunua."

Alimpisha mlangoni kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomtia Zhor wasiwasi. Mwizi aliyefumaniwa hana utulivu wa namna hiyo. Wakiwa kwenye korido akamweleza sababu. Tume ya uchunguzi, ile ambayo gazeti la Zhor liliipigania miezi miwili, ilikuwa imeshafika tangu saa tatu asubuhi. Zhor alikuwa ameambiwa itakuja wiki ijayo. Tume imezunguka vyumba vyote, imeridhika, sasa inakunywa chai, na imebaki kutia saini tu.

"Nikasema haifai Lalla Zhor akose," Si Makki akamalizia. "Uliandika wewe. Njoo ushuhudie."

Ukumbuke Zhor aliandika nini. Aliandika kwamba katika Dar Lalla Tahra wazee wanakula mkate wenye ukungu, wanaogeshwa uani kwa mpira wa kumwagilia bustani, wanaume na wanawake pamoja, na anayelalamika anateremshwa kwenye chumba cha chini kilichokuwa birika la maji zamani. Yote hayo yalitoka kinywa kimoja, cha Khalti Mahjuba, mwanamke mwenye miaka sabini na minane, aliyethubutu kusema na jina lake likaandikwa. Kwa ushujaa huo amelala birikani siku tisa.

Mezani uani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilisema nyumba ni safi na mwandishi ni mwongo. Ya pili ilisema Mahjuba amepungukiwa na akili, apelekwe leo hii hospitali ya wendawazimu ya mkoa wa jirani. Gari jeupe lilikuwa langoni, injini inanguruma. Kizee huyo akipakiwa humo hatarudi akiwa hai, na kila alichowahi kusema kitakuwa maneno ya kichaa.

Zhor aliingia uani akasimama. Hakuutambua.

Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa. Mifereji iliyokuwa ikifurika uchafu ilikuwa imemwagiwa maji ya waridi, chupa kwa chupa, hata ule uvundo na yale marashi vikachanganyika vikawa harufu moja ya kutapisha. Wazee walipangwa ukutani wamevaa majoho mapya, mengine bado yana mikunjo ya dukani. Hakuna aliyekuwa anaongea. Mlinzi alikuwa amesimama nyuma yao mikono mfukoni.

Na katikati ya ua, juu ya meza ndefu, mikate ishirini ya duara, ya moto, ya rangi ya asali. Siagi, zeituni, asali yenyewe. Wajumbe wawili wa tume walikuwa wakila. Mmoja midomo ilimng'aa kwa siagi, akawa anajilamba vidole mbele ya watu ambao jana walichambua ukungu kwa kucha ndipo wapate cha kumeza. Zhor aligeuza uso.

Mwenyekiti wa tume, jaji mmoja aitwaye Si Abdenbi, mtu mkavu mwenye miwani, hakuwa anakula. Alimwuliza Zhor kama ana ushahidi wowote zaidi ya maneno ya yule mama. Zhor akasema ghala limejaa funza. Jaji akauliza ghala gani. Si Makki akasema kwa upole kwamba ni chakula cha kuku, na kwamba ghorofa ya juu nayo imefungwa kwa kuwa inapakwa rangi, asije dada akasema huko nako kuna funza.

Wajumbe wakacheka. Zhor akavuta pumzi kwa pua. Uvundo alihisi, waridi alihisi. Rangi hakuihisi.

"Usijipandishe presha, Lalla," Si Makki akaongeza. "Presha ndiyo iliyomwondoa marehemu baba yako. Fundi Tuhami alikuwa mpiga chapa hodari, Mungu amrehemu. Sijui leo angesema nini."

Hapo alikuwa ametia kidole kwenye kidonda. Miaka saba iliyopita Zhor alifungwa miezi minne kwa makala aliyoandika, na baba yake ndiye aliyeichapa. Alipotoka jela alionyeshwa kaburi jeupe. Hakuiona maiti, wala hakuupata mkono wa baba yake kuubusu. Mama yake, Lalla Ghita, alimwambia presha ilipanda ghafla, wakazika siku hiyo hiyo, na tangu siku ile mama huyo hajapenda kuulizwa.

Zhor alijipangusa unga wa funza kwenye sketi.

Khalti Mahjuba akaletwa. Wawili walimshika makwapani kama wanabeba zulia. Macho yake yote mawili yalikuwa na utando mweupe wa mtoto wa jicho, na nywele zake zilikuwa bado na unyevu wa birikani. Jaji akamkalisha kitini, akaanza kumwuliza maswali ambayo watu wa serikali huwauliza wazee.

Leo ni siku gani?

"Siku ya wageni," Mahjuba akajibu. "Nimevishwa soksi."

Unamjua mkurugenzi wa nyumba hii?

"Yule anayenuka waridi na choo kwa pamoja? Namjua."

Mjumbe mwenye siagi akapaliwa. Jaji aliandika kitu, na Zhor akaona kwamba alichoandika hakikuwa cha kumsaidia kizee. Si Makki alitikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kutengenezwa ambayo ukiiona unatamani kunawa uso. Akachukua mkate mmoja, akapiga magoti mbele ya Mahjuba, akamwekea mapajani.

"Kula, mama yangu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ni mkate wa jikoni kwetu, umeokwa asubuhi ya leo na wapishi wetu, kwa unga wetu. Mheshimiwa Jaji, mkate ni huu kila siku."

Mahjuba akaushika. Vidole vyake vilipita juu ya mkate, vikafika katikati, vikasimama. Vikarudi. Kisha uso wake, ambao kwa miezi miwili Zhor hakuwahi kuuona ukicheka, ukachanua.

"Huu mbona wa Zubida," akasema. "Zubida mke wa fundi matandiko. Amehamia humu? Nani kamtupa?"

Si Makki akainuka akafungua mikono kuwaonyesha wajumbe. Mnaona wenyewe, mikono ile ilisema, anaongea na mikate. Mjumbe mmoja akasikitika kwa ulimi. Jaji akavuta ile karatasi ya pili karibu yake, akafungua kalamu.

Hapo ndipo Zhor alipoelewa.

Si Makki ametoka katika mji mkubwa, kwa watu wanaonunua mkate dukani. Kwake yeye mkate ni mkate. Hajui kwamba hapa mjini Ain Tazrut kila mwanamke hukanda unga nyumbani kwake, akaupeleka kwenye tanuri la mtaa, na mikate mia mbili ikitoka pamoja motoni hakuna anayegombana, kwa sababu kila nyumba ina alama yake. Mwingine hutoboa kwa uma mara tatu. Mwingine hugonga muhuri wa mbao wenye nyota, mwingine hukata kwa mkasi. Na Mahjuba, kabla ya kuzeeka na kuachwa, alifanya kazi gani? Miaka thelathini na moja alibeba mbao za mikate kichwani, nyumba hadi tanuri, tanuri hadi nyumba.

"Mheshimiwa," Zhor akasema, "kabla hujaandika, mpe mkate mwingine."

Jaji alimtazama juu ya miwani. Labda alifikiri ni ombi la chakula. Akausukuma mkate wa pili mwenyewe.

"Nyota yenye pembe iliyovunjika," Mahjuba akasema mara tu alipougusa. "Kwa Hnia, mlango wa bluu. Nilimwambia anunue muhuri mwingine, akasema huu ni wa mama mkwe wake na bora uvunjike wenyewe."

Wa tatu. Wa nne. Wa tano ulikuwa wa binti wa muuza mkaa, ambaye, kwa jinsi Mahjuba alivyouhisi mkate wake, bado hajajifunza kukanda. Wazee ukutani wakaanza kusogea. Mmoja akacheka bila sauti, mabega yanaruka. Mlinzi akatoa mikono mfukoni.

Si Makki alisema huo ni upuuzi, mama anataja majina ya majirani anaowakumbuka tu. Jaji alikuwa ameushika mkate wa Hnia, anaugeuzageuza.

"Mama yangu alikuwa akitoboa mara tano," akasema polepole, kama anajisemea. "Mara tano, kwa uma."

Akaagiza aitwe mwenye tanuri.

Ba Hammadi alikuja na masizi yake usoni, anatetemeka, maana tanuri lake linapakana na ukuta wa Si Makki na Si Makki ameshamtisha mara nyingi kulifungisha. Jaji akamsimamisha akimpa Mahjuba mgongo, akamtaka ataje mikate mmoja mmoja. Akaitaja. Zubida. Hnia. Binti wa muuza mkaa. Jina kwa jina sawasawa na kizee. Alipobanwa akasema yote. Jana mtu wa Si Makki alipita nyumba kwa nyumba kuomba sadaka, kila mama atoe mkate mmoja wa asubuhi ya leo kwa ajili ya wazee. Nani angenyima? Wanawake wakatoa wakashukuru Mungu. Na kila tume au mfadhili akija huwa hivyo hivyo. Wageni wakiondoka, mkate hufungwa ndani ya mashuka ukapelekwa kwa Si Makki nyumbani.

"Anaupeleka wapi wote huo?" jaji akauliza.

"Ana mbwa," Ba Hammadi akajibu, akiangalia chini. "Mbwa sita."

Zhor aliwatazama wale wazee, akaona bibi mmoja amejifunika mdomo kwa ukingo wa joho lake jipya. Funza alikuwa amewastahimili. Hao mbwa hakuwaweza. Akaenda pembeni akatema mate kwenye mfereji wa waridi.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekwambia ameshinda. Lakini mikate ilikuwa ishirini, na waliyoitaja ni kumi na tisa.

Ule wa mwisho Mahjuba aliuchukua kama mingine. Akaupapasa. Zhor akaona vidole vile vinafika katikati, vinateleza hadi pembeni, vinarudi haraka kama vimeungua.

"Huu siujui," Mahjuba akasema.

Jaji akampa Ba Hammadi. Ba Hammadi akautazama, akamtazama Zhor, akautazama tena.

"Na mimi siujui."

Si Makki hakuhitaji zaidi. Rangi ilimrudi usoni. Akasema sawa, majirani wamechangia, na ni kosa gani majirani kuchangia? Lakini huo usio na mwenyewe ndio wa jikoni kwake. Wapishi wameoka, majirani wakaongeza, basi. Nani hapa anaweza kuapa kwamba jiko lake halioki? Na mama anayesahau mkate mmoja leo, kesho atasahau jina lake, ni heri apumzishwe hospitalini kwa mwezi mmoja, tume ikirudi itamhoji vizuri zaidi. Aliyasema haya yote huku akitabasamu na kufuta siagi iliyomwagika mezani kwa kidole.

Wajumbe wawili wakaafiki upesi. Walitaka kuondoka kabla ya jua kali. Jaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Sheria ni sheria, akasema, mkate mmoja usio na mwenyewe ni shaka moja, na faida ya shaka ni ya mtuhumiwa. Akaishika tena ile kalamu. Langoni dereva wa gari jeupe akafungua mlango wa nyuma.

Zhor alinyoosha mkono akauchukua mkate.

Katikati palikuwa na alama ya dole gumba. Dole moja tu, lililobonyea zaidi upande wa kushoto, kwa sababu mwenye dole hilo alivunjika akiwa msichana na kiungo hakikurudi sawa. Zhor alilelewa na mkate huo. Ndio alioupeleka shuleni kila asubuhi.

Mkono mkavu ukamshika kifundo cha mkono. Mahjuba alikuwa amejivuta kitini mpaka kumfikia.

"Nyamaza, mwanangu," akanong'ona. "Mimi nimeshazeeka. Wacha nichukuliwe."

"Khalti, unajua huu ni wa nani."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia nyamaza."

Zhor alidhani kizee anamsitiri na aibu, kwamba mama wa mwandishi amemlisha mwizi kama majirani wengine. Aibu ndogo hiyo. Wasome wote gazetini wiki ijayo, aliwaza, nitaiandika mwenyewe.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti, "mkate huu una mwenyewe. Ni wa nyumbani kwetu. Aliyeubonyeza ni mama yangu, Lalla Ghita, mjane wa Fundi Tuhami. Mwite umtazame dole gumba."

Jaji akamgeukia Ba Hammadi. Ba Hammadi akakubali kwa kichwa, machozi yanamchimbia njia kwenye masizi. Kalamu ikafungwa. Karatasi ya pili ikachanwa mara mbili, ya kwanza ikaingia kwenye mkoba wa jaji bila saini, na mlinzi akaambiwa alete funguo zote za nyumba, za ghala na za birika. Dereva akaufunga mlango wa gari. Likaondoka tupu.

Wazee hawakushangilia. Waliiendea meza. Walikula wamesimama, wengine wanalowesha kwenye chai, wala hakuna mtu aliyewatazama usoni.

Lakini Mahjuba, ambaye ndiye aliyeokoka, alikuwa amejiinamia anajifunika uso. Na Si Makki, ambaye ndiye aliyeanguka, hakuwa akimtazama jaji wala askari aliyekuwa anaitwa. Alikuwa anatazama juu, kwenye ghorofa isiyo na harufu ya rangi, kwenye dirisha la mwisho lililofungwa mbao.

"Hukutakiwa kuutaja huo," akamwambia Zhor taratibu. Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na asali. "Huo haukuja na sadaka. Huja kila Alhamisi, tangu miaka saba iliyopita. Wapumbavu wangu wameuweka mezani na mingine."

Zhor aliugeuza mkate. Pembeni, pale vidole vya Mahjuba vilipoungulia, palikuwa na mkato mmoja mdogo wa mkasi.

Nyumbani kwao mkato ule ulikuwa na kazi moja. Lalla Ghita alikuwa akikanda mafungu mawili, moja la watu wote, na moja la mtu aliyekatazwa chumvi na daktari kwa ajili ya presha. Hilo la pili alilikata kwa mkasi ili tanurini lisichanganywe. Tangu kaburi lile jeupe, Zhor hajauona mkato huo mezani kwa mama yake.

Akamega kipande. Akakitia kinywani, akatafuna.

Mkate haukuwa na chumvi.